Mlango Uko kwa Kabugho

Jumanne, 10 Juni 2025. Bwera.

Nilimpoteza Bulandina, mpenzi wangu na mchapaji wa duka langu, Jumapili ya tarehe 2 Machi mwaka huu, baada ya misa, mbele ya mashine ya fotokopi. Naandika wazi ili nisije nikaambiwa sikumbuki tarehe. Aliniuliza swali moja: utakuja lini kwetu Munkunyu kumwona baba? Nikampa majibu, na yote yalikuwa mazuri. Barabara. Mvua. Wino wa mashine. Msimu wa kahawa. Koti lililokuwa kwa fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua sweta yake ya kijani ya kazini, akaitundika kwenye kiti. Akasema, "Nobert, kila kitu chako kiko vipande vipande. Siku ukiwa na kitu kimoja kizima, nipigie." Akapanda basi la Kasese.

Sweta bado iko kwenye kiti. Wateja nawaambia kiti ni kibovu, wasikae.

Mimi si mtu wa kulialia. Duka hili la kuchapa na fotokopi nimelijenga mwenyewe, bila mjomba serikalini. Java, lugha ya kuandikia programu, nimejifundisha kwa kitabu kisicho na jalada, nilichokiokoa kwa mama mmoja wa soko la Mpondwe aliyekuwa akifungia maandazi kurasa zake. Nilikiwahi kikiwa na robo tatu. Sura ya mwisho, ile ya kufunga programu yote iwe kitu kimoja cha kumpa mtu, ilikuwa imeshaondoka na maandazi. Siku zote nimesema sura ile haina maana.

Leo amepiga simu. "Nobert, habari ya Bwera?" Sauti kama ya mtu anayeuliza ofisi ya forodha. Lakini ni yeye. Sasa ni karani wa kikundi cha wakulima wa mpunga huko Mubuku, Mfereji wa Nne, na ofisi yao iko Kasese. Watu wanagombania zamu za maji mpaka wanainuliana majembe. Mwenyekiti wao, Afande Mugisha, sajenti mstaafu, anataka kompyuta ipange zamu, ili wakimtukana mtu waitukane kompyuta. Kuna jamaa wa Kampala, Ssali, analeta programu yake. Bulandina akaiambia kamati: programu ipo tayari, iko Bwera. "Ile yetu," akasema.

Yetu. Nimeliandika neno hilo kwenye kalenda.

Na kweli ni yetu. Tuliiandika mwaka jana kwa zamu za mashine ya kukoboa kahawa. Mimi nikisoma, yeye akichapa. Maji na kahawa hesabu ni ile ile: watu wengi, mlango mmoja. Kikundi kikiichukua, itabidi mtu aende Kasese mara kwa mara kuitunza. Mtu huyo ninamfahamu. Nimeshampigia pasi shati.

Jumatano, 11 Juni.

Asubuhi nimempa dereva wa basi flashi ampelekee Bulandina. Ndani yake klasi tisa, yaani vipande tisa vya programu, kila kipande na kazi yake. Nimevipa majina kama tunavyopeana sisi Bakonzo, kwa zamu ya kuzaliwa. Klasi za hesabu ni wavulana: niliyoiandika kwanza ni Mumbere, ya pili Bwambale, ya tatu Baluku, kama mimi mwenyewe, kisha Masereka na Kule. Klasi za madirisha ni wasichana: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Ukiniuliza nani aliandikwa lini, sihitaji kutazama popote. Huo ndio mpangilio. Huko Kampala wanaziita majina ya ajabu ajabu halafu wanapotea.

Bulandina mwenyewe ni Kabugho. Binti wa tatu kwao. Sikumweka makusudi, ilitokea tu kwa hesabu.

Kabla ya saa sita simu ikalia. Umenitumia nini? Nikasema programu. "Mimi naona vitu tisa. Nabonyeza Mumbere, laptopu inaniuliza nimfungue na nini. Nabonyeza Masika, inaniuliza nimfungue na nini. Hii ni familia gani isiyojua kufungua?"

Nikamweleza kwa utulivu. Afungue dirisha jeusi la amri. Aende kwenye folda. Aandike java, aache nafasi, aandike jina. Nilikuwa naingia kwenye maelezo ya nafasi nilipoisikia simu ikivuma. Nilidhani mtandao. Ilikuwa ni pumzi yake.

"Nobert. Afande hajui dirisha jeusi. Nitumie kitu kimoja. Nikibonyeze mara mbili, kifunguke."

Kitu kimoja! Maneno yale yale ya Machi. Nimekaa juu ya katoni ya karatasi mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Kumbe miezi yote hii mwanamke alikuwa ananiomba faili la jar na mimi sikuelewa. Kifurushi kimoja, ndani yake klasi zote, ukikibonyeza kinaamka. Angesema tu.

Alhamisi, 12 Juni.

Sura ya maandazi ningeihitaji leo.

Nimemuuliza Achille wa duka la pili, anayeuza simu na kuvuka mpaka kila asubuhi kutoka Kasindi, upande wa Kongo, na viatu vyeupe visivyoshika vumbi. Achille anajua kila kitu kwa nusu, hata Kifaransa chake. "Mon cher, weye uko unajisumbua bure. Mafichier, mafaili yote, unatia mu moja, una-zip, kisha unabadirisha jina, unaandika jar. Ni kwisha." Nikamwuliza kama amewahi kufanya. Akasema ameona mutu akifanya.

Nimefanya. Folda nikaibana ikawa zip, mwisho wa jina nikafuta zip nikaandika jar. Kompyuta ikatulia kidogo, halafu kifurushi kikaota picha ya kikombe cha kahawa kinachofuka moshi. Sisi watu wa kahawa! Achille akasema voilà, ndiyo hiyo, na akaomba soda.

Nikamtumia Bulandina kwa mtandao. Akapiga simu kabla Achille hajamaliza soda: "Kikombe nakiona. Kahawa hakuna."

Hapo hapo nyuma yake nikasikia mwanamume akicheka. Nikamwuliza ni nani. Ssali, akasema, amekuja kuonyesha programu yake. Nikauliza amevaa nini. Akasema hilo linahusu nini maji. Lakini nimeshapata habari kutoka kwa dereva wa basi: viatu vya ncha ndefu. Tena hasemi Kiswahili. Anasema ni lugha ya kambi za askari. Mwenyekiti anayetaka kumwuzia ni sajenti mstaafu, na bado anasema hivyo.

Ijumaa, 13 Juni.

Nimetumia data ya wiki nzima na nimepata siri. Ndani ya kifurushi lazima kuwe na faili dogo, wenyewe wanaliita manifest, linaloiambia kompyuta nani ni mkuu wa nyumba, nani aamshwe kwanza. Mstari mmoja tu. Nikaandika:

Main-Class: Mumbere

Sikufikiri hata kidogo. Kuna nini cha kufikiri? Mumbere ni kifungua mimba. Mgeni akija nyumbani anamsalimia nani kwanza? Hata mimi Baluku, pamoja na kwamba ndiye niliyejenga, sikujipendelea.

Nikaandika mstari, nikauhifadhi, nikafunga kifurushi kwa amri ya jar, nikabonyeza. Inasema kifurushi hakina mkuu. Nikafungua, nikatazama, mkuu yumo. Nikafunga tena. Hakina mkuu. Nimelaumu umeme. Nimelaumu laptopu. Kwa muda fulani nimemlaumu Ssali, ingawa sijui angeingiaje.

Jioni nimekula muhogo wa kuchemsha, mkavu. Bulandina alikuwa akisonga bundu, ugali wetu wa muhogo, laini kama mto wa kulalia, na samaki wa Katwe, mchuzi wa karanga pembeni. Alikuwa akinimegea kichwa cha samaki bila kuuliza. Sijawahi kumwambia kwamba sipendi kichwa. Leo ningekila chote.

Jumamosi, 14 Juni.

Muujiza.

Nina kikombe chake. Cha bati, chenye ua lililobanduka. Sikitumii, nakiweka tu karibu na kompyuta ili meza isionekane tupu. Asubuhi nilikuwa nausoma ule mstari mmoja kwa mara ya mwisho kabla ya kuitupa kompyuta mtoni Lhubiriha, nikakisukuma kikombe kwa kiwiko. Kikaangukia kitufe cha Enter, kikalala pale. Kialama cha kuandikia kikashuka mstari mmoja, miwili, mingi. Nikahifadhi kwa hasira jinsi ilivyo. Nikafunga kifurushi. Kikamwona mkuu!

Kumbe ndivyo ilivyo. Ukimaliza mstari lazima ubonyeze Enter, ushuke chini. Ukiishia pale pale kwenye herufi ya mwisho, mashine inadhani bado unaongea, mstari haiusomi. Mimi nikimaliza kusema nanyamaza. Sikujua kunyamaza nako kuna kitufe.

Kikombe chake ndicho kilichonionyesha. Sitasema zaidi. Nimekifuta.

Furaha haikudumu. Sasa mkuu anaonekana, lakini kompyuta inasema imemwendea Mumbere na hakuna mlango. Yaani ile main, sehemu programu inapoanzia, haimo ndani yake. Ni kweli, haimo. Mumbere nilimwandika nikiwa sijui kitu, anashika orodha ya mashamba tu. Mlango niliuweka baadaye sana, nilipoanza kuelewa ninachofanya, na wakati huo nilikuwa nimefika kwa Kabugho.

Mtu mwepesi angefuta Mumbere na kuandika Kabugho. Neno moja. Lakini mimi siwezi kuandika kwa mkono wangu kwamba binti wa tatu ndiye mkuu na kaka yake mkubwa amekaa tu kama gunia. Wazee wa Mubuku ni Bakonzo wenzangu, wangeniuliza.

Kwa hiyo nina mpango, na ni wa heshima. Mumbere nampa mlango wake. Akiamshwa anamwamsha Bwambale, Bwambale ananiamsha mimi, yaani Baluku, hivyo hivyo kwa zamu mpaka kwa Kabugho, na Kabugho anafungua dirisha. Na ili wadogo wasionekane wana kiburi, kila mdogo akiamka anamwamkia mkubwa wake kwanza. Nimeandika vizuri sana. Sikuijaribu kwa sababu umeme ulikatika, nikabakiwa na chaji ya kufunga kifurushi tu. Haina haja. Heshima haijawahi kuharibu kitu.

Jumatatu nakwenda mwenyewe Kasese. Kamati yote itakuwepo. Na yeye.

Jumatatu, 16 Juni. Kasese.

Naandika nikiwa stendi.

Basi lilijaa, nikapanda lori lililotoka kushusha chumvi ya Katwe hapo Mpondwe. Suruali nyeusi. Nilishuka Kasese nikiwa na makalio meupe, na suruali imekauka kama ngozi ya kuwamba ngoma. Nimeingia mkutanoni kwa ubavu na nimetoka kwa ubavu.

Alikuwepo. Amekata nywele. Hakuna aliyeniambia kwamba amekata nywele. Akanipa mkono kama tunavyowapa maafisa, akanitazama miguu, akasema pole na safari. Shingo yake sasa inaonekana yote. Nikasahau jina la programu.

Afande Mugisha amekaa mbele, mgongo wima, fimbo mapajani. "Kijana wa Bwera. Hapana leta maneno mingi. Washa."

Nikabonyeza mara mbili. Dirisha likafunguka, zuri, rangi ya kijani, ZAMU ZA MAJI juu. Kamati ikasema aah. Bulandina akatabasamu, nimemwona. Likafunguka dirisha la pili. Nikasema ni la akiba. La tatu. La nne. Kisha yakaacha kuhesabika. Kumbe Mumbere akiamsha wadogo zake, kila mdogo anamwamkia mkubwa, na kuamkia nilikokuandika ni kumwamsha upya. Naye akiamka anaamsha wadogo zake. Familia nzima ilikuwa inaamshana bila kumaliza salamu. Madirisha yalijaa kioo, juu ya mengine, kila moja na ZAMU ZA MAJI yake, laptopu ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga.

"Simamisha," Afande akasema. Nikasema inasalimiana, itaisha. "Simamisha! Hii kitu naleta madirisha kama jeshi naleta kuruta!" Mzee mmoja wa kamati, Yafesi, akauliza kama kila dirisha ni shamba moja, kwa sababu kama ndivyo, basi lake liko wapi. Ssali akatoa simu akapiga picha. Bulandina akanipita, akabonyeza kitufe cha kuzimia na kukishikilia, macho yake kwangu, mpaka kioo kikawa cheusi.

Amenisindikiza mpaka stendi. Sikumwomba. Tumetembea hadi kwenye wauza nyanya, ndipo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akanishika bega. Halafu mkono akautoa.

"Nobert. Mlango uko kwa Kabugho."

Nikasema najua.

"Unajua? Niliuandika mimi, kwa vidole hivi, wewe ukinisomea. Kwa nini unamzungusha mtu kwa nduguze wote, wakati mlango unajua uliko?"

Nikamweleza kuhusu Mumbere na wazee. Akasema kompyuta haina wazee. Akaniuliza kama nakula. Nikasema nakula sana. Akatazama mkanda wangu, nilipoongeza tundu kwa msumari. Kamati imempa mpaka Jumatano, akasema, baada ya hapo wanachukua ya Ssali.

Lori la kurudi limejaa matofali. Afadhali matofali.

Jumanne, 17 Juni. Bwera.

Nimefuta salamu zote. Nimefuta mlango wa Mumbere. Kwenye ule mstari mmoja nimefuta jina moja na kuandika jingine.

Main-Class: Kabugho

Enter.

Nimeliandika jina lake nikabaki nalitazama. Nikafunga kifurushi, nikabonyeza mara mbili. Dirisha moja, la kijani. Nikalifunga, nikalifungua. Moja. Achille akaja kuona, nikamwambia aondoke, macho yalikuwa na vumbi.

Nikamtumia. Nikampigia abonyeze nikiwa kwenye simu. Nilisikia kidole chake: tik tik. Kisha, nyuma yake, Afande akikohoa. "Imefunguka," akasema. Kwa sauti ya chini. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu Machi. Akaingiza mashamba, zamu zikajipanga, kila mkulima na saa yake. Afande akachukua simu: "Kijana. Sawasawa. Nachukua hii. Ule wa Kampala, yake nataka intaneti, na mfereji iko intaneti gani?"

Ssali ameondoka na viatu vyake.

Kisha Bulandina akaichukua simu na akatoka nje, nilisikia upepo. "Sasa nisikilize. Jumamosi niko Munkunyu. Baba yupo, shangazi zangu wote wanakuja, mama anapika. Nimewaambia utakuja. Njoo wewe mwenyewe, hata mikono mitupu, hata na ile suruali. Lakini njoo."

Nikasema nimesikia. Akasema, "Umesikia, au unakuja?" Mtandao ukakatika. Yaani nilikata mimi, lakini nilitaka kufikiri.

Alhamisi, 19 Juni.

Nimefikiri.

Nikienda Munkunyu, nikakaa mbele ya baba yake na shangazi wote, halafu ikawa kwamba hajaamua? Hajatamka. Amesema njoo. Njoo si jibu. Mtu huitwa hata kutengeneza redio. Mimi ni mtu wa hesabu, siingii mahali bila kujua jumla. Kwanza jibu, kisha safari. Na sasa, kwa bahati, nina njia ya kumuuliza iliyo nzima, isiyo na vipande.

Toleo la pili. Nimeongeza klasi ya kumi, Ithungu, msichana wa tano. Kabla ya zamu za maji linatokea dirisha la waridi: BULANDINA, UTARUDI? Chini vitufe viwili. Mimi si dikteta, HAPANA nimeiweka. Ni ndogo kama punje ya mtama, iko pembeni kabisa, rangi yake ni ya waridi pia. Mpaka ujibu, maji hayafunguki. Ukijibu, jibu linabaki kwenye faili, na Bulandina atanitumia.

Nikamwonyesha Achille. Alitazama muda mrefu. "Nobert. Mwanamuke anakuita kwabo, mama anapika, na weye unamutumia fichier?" Nikamwambia si fichier, ni kifurushi. "Enda Munkunyu, mon cher. Ata kwa mguu. Munkunyu iko karibu kupita Kasese, na Kasese ulienda juu ya chumvi." Akasema angekuwa yeye angekuwa ameshakwenda na kurudi na watoto wawili.

Wivu. Hana mtu wa kumtumia chochote.

Nimetuma. Nimeandika: toleo jipya, muhimu, fungua leo.

Ijumaa, 20 Juni.

Simu asubuhi. Afande.

"Kijana! Mimi nafungua kompyuta, nataka maji ya Mfereji wa Nne. Hii kitu nauliza mimi narudi. Narudi wapi? Mimi niko hapa. Nabonyeza NDIYO. Maji nakuja. Sasa sema: ndiyo ya nini?"

Nikasema ni usalama wa programu. Akasema sawasawa, usalama ni kitu ya maana, na kuanzia leo kila asubuhi yeye mwenyewe atabonyeza.

Kwa hiyo nimepata jibu la ndiyo, kwa maandishi, kutoka kwa sajenti mstaafu.

Bulandina ametuma ujumbe mfupi: "Afande anauliza Bulandina wa kwenye dirisha ni mimi au ni mwingine. Nobert, KESHO NJOO." Kwa herufi kubwa. Nimeusoma mara kadhaa kutafuta ndiyo au hapana. Haimo.

Kosa langu lilikuwa dogo. Sikuweka neno la siri. Toleo la tatu linaanza kwa kuuliza jina la ua lililobanduka kwenye kikombe cha bati, jambo ambalo mtu mmoja tu duniani analijua. Na nimeweka mwisho: kesho jioni saa kumi na mbili dirisha la waridi linajifunga lenyewe moja kwa moja. Zamu za maji nimeziachia, wakulima hawana kosa. Nimetuma. Koti limetoka kwa fundi tangu Aprili. Nimelitundika juu ya sweta. Vinapendeza vikiwa pamoja.

Jumamosi, 21 Juni. Bwera.

Nimefungua duka mapema. Nimevaa shati lililopigwa pasi na koti, ili jibu likija nianze safari hapo hapo. Boda nimeshamwambia asimame karibu, asizime.

Saa nne ujumbe: "Shangazi wa Katwe amefika na samaki." Nzuri kwao.

Saa sita: "Watu wamekaa. Baba amevaa kofia yake. Uko wapi?" Nikajibu: umefungua toleo la tatu?

Akapiga. Nyuma yake sauti za wanawake, vyombo, mtu akiimba jikoni. "Nobert, laptopu iko Kasese. Mimi niko Munkunyu. Nakuuliza mara moja tu: unakuja?" Nikamwambia swali langu lilitangulia. Nikamwambia Kasese si mbali, anaweza kwenda akabonyeza na kurudi kabla chakula hakijapoa. Pumzi ile ile. Kisha akasema, polepole sana, "Vichwa vya samaki nimekuwekea," na akakata.

Si ndiyo. Si hapana. Ni samaki. Na wanasema mimi ndiye ninayejibu vipande vipande.

Achille amefunga duka lake, amevaa viatu vyeupe, amekaa juu ya ile boda nyuma ya dereva, ananipungia mkono nipande, tutakaa watatu. Simpi hata jicho. Simu inalia tena, namba siijui, naiacha ikatike. Mwanamume mzima anakohoa kwenye ujumbe wa sauti, anasema yeye ni baba yake Bulandina, anauliza kama nimepotea njia. Akipiga tena sitapokea. Nikipokea kila mtu, nitajuaje jibu ni la nani? Lile la Afande limenifundisha.

Kiti kiko pale, sweta iko pale, kikombe nimekiosha kwa ajili ya chai yake. Nimehamisha katoni ili akiingia apite.

Bulandina, nimekuuliza kitu kimoja kizima, ndani ya faili moja, linalofunguka. Usiniletee baba, usiniletee samaki, usiniletee barabara. Utarudi? Bonyeza ndiyo au hapana, mwenyewe, kwa kidole chako. Kabla ya saa kumi na mbili ya jioni hii.